Konrodi Nne za Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye faili la siri. Kazini anaitwa Fundi Mizani.
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa kukereza na kupima vyuma vya injini
Makazi: Chumba na sebule, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Tarehe ya maelezo: 21 Agosti
Muda wa kuanza: Saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa na askari kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nasema niliyoyaona kwa macho na niliyoyasikia kwa masikio. Pale nilipoambiwa tu, nitasema nimeambiwa.

Nina karakana katika mtaa wa maduka ya spea, mlango wa tatu kutoka kwenye transfoma. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Jina la Fundi Mizani nilipewa na wateja kwa sababu kila chuma kinachoingia kwangu hupanda mizani kabla sijakigusa kwa kitu kingine.

Mnamo tarehe 3 Mei, siku ya Ijumaa, alikuja mteja wangu tunayemwita Mwalimu. Hufundisha fizikia shule ya sekondari. Alileta konrodi nne na pistoni nne za injini ya turbo aliyotaka kuiweka kwenye gari lake dogo la bluu. Konrodi ni ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krankshafti, ule mhimili unaozunguka chini ya injini. Turbo inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, na nguvu hiyo yote inabebwa na mkono huo. Nilizifanyia kazi kwa siku saba. Nilizisaga kidogo kidogo mpaka zote nne zikawa na uzito mmoja, gramu 544. Konrodi zikitoka kiwandani huwa hazilingani hivyo. Kisha nikazigonga alama za nukta, moja hadi nne, kila moja na silinda yake. Chuma changu cha kugongea alama kimemeguka ncha, kwa hiyo nukta zangu hazitoki duara. Hutoka na umbo la punje ya mchele. Hayo yote yamo kwenye daftari langu, ambalo nimemkabidhi askari.

Mwalimu alizichukua tarehe 10 Mei. Aliniambia, "Fundi, nikifa na hii injini, itakuwa ni uzee, si konrodi." Nilicheka. Tulikuwa tukitaniana sana.

Mnamo tarehe 2 Julai, Jumanne, mke wa Mwalimu alikuja karakana. Sikuwa nimewahi kumwona. Alisimama mlangoni, akavua viatu kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu, ingawa sakafu yangu ni mafuta matupu. Aliniuliza kama mume wake alipita kwangu siku ya Jumamosi, tarehe 29 Juni. Nilimwambia hapana. Akasema Mwalimu aliondoka asubuhi hiyo kwenda kuizoesha injini mpya mwendo wa polepole kwenye barabara ya machimbo ya kokoto, akasema atarudi kula mchana. Hakurudi yeye, halikurudi gari. Nilimpa kiti. Hakukaa.

Sasa nakuja kwa mdogo wangu. Ni wa tumbo moja nami, ana miaka 27, anaendesha gari la kusambaza mikate. Mtaani wanamwita Moshi, kwa sababu gari lake la kwanza ulikuwa unauona moshi kwanza, gari baadaye. Moshi alimjua Mwalimu. Walikutana kwangu mara nyingi na kubishana juu ya turbo hadi nawafukuza. Gari la Mwalimu lilimkaa rohoni. Alitaka la kwake liwe vilevile.

Mnamo tarehe 12 Agosti, Jumatatu, saa kumi jioni, Moshi aliniletea injini ya turbo aliyoipata kwenye gari lililopata ajali. Ilikuwa ya ukoo uleule wa injini ya Mwalimu. Tuliifungua pamoja. Pistoni moja ilikuwa imepasuka pale zinapokaa ringi, na konrodi mbili zimepinda.

Aliniuliza, "Dada, si tunazinyoosha tu?"

Nilimwambia konrodi iliyopinda ni kama mtu aliyekwisha kudanganya mara moja. Inaweza kusimama wima, lakini hulali usingizi. Nikamweleza: pistoni za kumimina, kama hizi zilizokuja na injini, zinavumilia turbo ikiwa msukumo ni mdogo. Ukiongeza msukumo, injini ikaanza kugonga, zinapasuka kama kigae. Za kufuliwa, zilizopondwa badala ya kumiminwa, ni ngumu zaidi, lakini zinavimba zikipata moto, kwa hiyo silinda lazima iachwe na nafasi kubwa kidogo. Na konrodi asitafute za mashindano, hazina haja kwake. Atafute seti moja kamili ya konrodi za kiwandani za injini hiyohiyo, zilizonyooka, tuzitie bolti mpya. Nilimwambia, "Kama uwezo ni mdogo, usiibanie konrodi. Pistoni ikipasuka utaona moshi. Konrodi ikikatika inatoboa injini na kutokea nje."

Akasema, "Basi nitazitafuta kwa Sumaku."

Sumaku ni mwenye yadi ya vyuma chakavu karibu na reli ya zamani. Anaitwa hivyo kwa sababu watu husema chuma chochote kikipotea humfuata mwenyewe. Mimi nilikuwa nikinunua vyuma kwake zamani, nikaacha. Nilimwambia mdogo wangu, "Kwa Sumaku usiende." Alinijibu, "Dada, chuma hakina dhambi." Sikubishana naye zaidi. Hilo linanisumbua.

Mnamo tarehe 17 Agosti, Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, Moshi alikuja na kiroba. Ndani mlikuwa na konrodi nne na pistoni nne za kufuliwa. Alikuwa na furaha lakini hakunitazama usoni. Nilidhani ni kwa sababu alikwenda kwa Sumaku nami nilimkataza. Akaviweka mezani, akasema ana mikate ya kupeleka, akaondoka.

Niliweka konrodi ya kwanza kwenye mizani. Gramu 544. Nikaweka ya pili. Gramu 544. Nilidhani mizani imeganda, nikaizima, nikaiwasha. Ya tatu, 544. Kabla ya kuweka ya nne nilishajua itasema nini. Nilizifuta mafuta kwa kitambaa. Kulikuwa na nukta. Moja, mbili, tatu, nne. Kila nukta punje ya mchele.

Nilifunga mlango wa karakana. Sijui kwa nini. Ilikuwa asubuhi, mtaa umejaa watu.

Nilizipima pia pistoni. Zilikuwa za saizi ileile niliyoiandika mwezi Mei, nusu milimita zaidi ya za kiwandani. Kisha nikaiangalia vizuri konrodi ya pili. Jicho lake kubwa, lile linalokumbatia krankshafti, lilikuwa limegeuka rangi ya bluu. Chuma kikiwa cha bluu maana yake kiliungua. Beringi iliyokaa ndani ya jicho hilo ilikosa mafuta, ikalika, injini ikagonga na kusimama. Nikajua gari la Mwalimu lilimzimikia njiani.

Hapo nilipata hofu nyingine ambayo sikuitegemea. Ile kazi ni yangu. Nilichukua daftari nikatafuta ukurasa wa mwezi Mei. Vipimo vilikuwa sawa, nafasi ya beringi ilikuwa sawa. Lakini daftari hilo nililiandika mimi. Nilikaa na hiyo konrodi mapajani mpaka adhana ya adhuhuri. Mwishowe niliitumbukiza ndani ya kopo la mafuta ya taa, ili baadaye niipake chaki nione kama ina ufa, maana mafuta hubaki ndani ya ufa na kuchora mstari kwenye chaki. Zile tatu nikazirudisha kwenye kiroba.

Siku hiyo na kesho yake sikumwambia mtu. Nimeulizwa na askari kwa nini sikuja kituoni mara moja. Jibu langu ni kwamba niliogopa, na niliogopa zaidi kwa sababu aliyezileta ni mdogo wangu. Mama yetu alipofariki Moshi alikuwa na miaka tisa. Nimemlea mimi.

Mnamo tarehe 19 Agosti, Jumatatu, nilikuwa peke yangu karakana. Majirani walikuwa wamekwenda kula. Mashine ya kukereza ilikuwa inazunguka. Saa saba na robo mchana mashine ilizimika. Nilidhani umeme umekatika. Nilipogeuka nikamwona Sumaku amesimama kwenye swichi kubwa ya ukutani, mkono wake bado uko juu yake. Ni yeye aliyeizima.

Alisema, "Habari ya kazi, Fundi. Kelele zako zinazuia watu kuongea."

Nilimjibu nzuri.

Akasema, "Kuna mzigo wangu umekosea njia. Yule mdogo wako nilimpa vyuma vya mteja mwingine. Nimevifuata."

Alikuwa amesimama kati yangu na mlango. Alivaa shati safi jeupe. Nakumbuka nilijiuliza mtu wa vyuma chakavu analipataje shati jeupe hivyo.

Akaniuliza, "Umeshavipima?"

Ningesema hapana asingeamini, maana jina langu analijua. Nikasema, "Nimeanza. Nina wasiwasi moja ina ufa. Nilitaka nimwambie dogo akurudishie."

"Ufa tu?"

"Ufa unatosha kuua injini, bosi."

"Na kingine hukuona?"

"Mimi macho yangu ni ya chuma. Mengine siyaoni."

Alicheka. Kisha akalichukua daftari langu kutoka mezani. Lilikuwa limefungwa, lakini nilikuwa nimeweka bisibisi ndogo pale kwenye ukurasa wa Mwalimu. Alilifungua palepale penye bisibisi. Alitazama. Ni tarakimu tupu, mimi siandiki majina ya wateja, naandika aina ya injini na tarehe. Sijui alitazama muda gani. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba la nje, nikayahesabu, nikafika kumi na moja. Akachana karatasi moja tupu ya mwisho, akafutia vidole vyake, akalirudisha daftari mahali pake.

Akauliza, "Mwalimu mmoja wa sekondari, uliwahi kumfanyia kazi?"

Nilisema, "Walimu wengi hupita hapa. Wote wanataka kunifundisha kazi yangu."

Akasema, "Lete mzigo."

Nilimpa kiroba chenye pistoni na konrodi. Alihesabu konrodi. "Mbona tatu?"

Ile ya nne ilikuwa kwenye kopo la mafuta ya taa, hatua moja kutoka mguu wake. Nilikwenda kwenye rafu ambako niliweka vyuma vya injini ya Moshi. Kama nilivyoeleza, injini hizi ni za ukoo mmoja na konrodi zake zinafanana, ila mbili za Moshi zimepinda. Nilichukua moja ambayo haikupinda, nikamletea. Aliishika, akaipima kwa kiganja, akailinganisha na zile nyingine.

"Hii ni nzito."

Nilisema, "Ina mafuta. Ndiyo hiyo yenye ufa."

Alinitazama usoni, hakuitazama konrodi. Niliomba Mungu asishushe macho, kwa sababu haikuwa na nukta hata moja. Akaitupa ndani ya kiroba.

Alipofika mlangoni alisema, "Mdogo wako anapenda mwendo. Mwambie barabara zina kona." Akawasha swichi. Mashine ikaanza kuzunguka nyuma yangu nikapiga kelele. Yeye alikuwa ameshatoka. Sikuweza kuendelea na kazi siku hiyo. Nilifunga karakana, nikaenda nyumbani nimeizungushia kanga ile konrodi ya kwenye kopo na kuikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Mnamo tarehe 20 Agosti, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikwenda kwenye kiwanda cha mikate wakati Moshi anapakia gari. Nilimwita pembeni, tukaingia ndani ya gari lake, tukafunga milango. Niliifungua kanga.

Nikamwuliza, "Hii ni ya nani?"

Akasema, "Si nilikuambia ni za Sumaku."

"Sijakuuliza nani alikupa. Nimekuuliza ni ya nani."

Halafu alianza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mama. Aliniambia kwamba tarehe 10 Agosti alikwenda yadi kwa Sumaku kutafuta taa ya gari la mikate, akaona gari dogo la bluu limefunikwa turubali nyuma ya mabati. Aliinua pembe ya turubali. Injini ilikuwa imeteremshwa chini, sampu yake, lile bakuli la mafuta la chini, imechanika upande mmoja kama imegonga jiwe. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na boksi la chaki. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na miwani.

Nilimwambia, "Kwa hiyo ulijua."

Alisema, "Nilijiambia magari yanafanana."

"Na miwani nayo inafanana?"

Baadaye alisema Sumaku alimkuta amesimama pale, hakumfokea, alimwekea mkono begani na kumwuliza anatengeneza gari gani. Akamwambia ana konrodi na pistoni zitakazomfaa, aje kuzichukua Ijumaa. Moshi alisema alipokubali alijua anakubali nini, lakini hakutaka kulitamka hata kichwani. Siku ya kuzichukua alimwambia Sumaku kwa kujisifu kwamba dada yake atazipima, na dada yake ndiye aliyemtengenezea Mwalimu. Alisema uso wa Sumaku ulibadilika, lakini yeye alikuwa ameshapakia kiroba na kuwasha gari.

Nilimpiga kofi. Naomba hilo liandikwe. Kisha nikamshika mkono. Watu wa kiwandani walikuwa wanagonga dirisha kwamba mikate inapoa.

Habari ya sampu iliyochanika ilinishtua kwa namna nyingine. Sampu ikichanika mafuta yote yanamwagika, na hakuna beringi itakayopona, hata angeipima malaika. Najua si jambo la kushukuru. Lakini nilishukuru, na nimeona aibu tangu jana.

Saa nne kasoro robo asubuhi hiyo tulifika kituo hiki, mimi na Moshi. Alikuja kwa miguu yake. Nilimkabidhi askari wa zamu konrodi yenye nukta mbili na daftari. Niliambiwa jana jioni kwamba polisi walikwenda yadi na kulikuta gari, boksi la chaki na miwani, lakini Sumaku hakuwepo. Leo asubuhi kabla ya kuanza maelezo haya nimeambiwa kwamba mwili wa mwanamume umepatikana kwenye shimo la machimbo ya kokoto, mita chache kutoka barabarani, na kwamba mke wa Mwalimu ameitwa kuutambua.

Nilimkuta mama huyo kwenye korido. Alikuwa ameshikilia miwani ndani ya mfuko wa nailoni wa polisi. Nilitaka kupita. Aliniita, "Fundi." Nikakaa karibu yake.

Aliniuliza, "Injini ilimzimikia?"

Nilisema, "Ndiyo, mama. Jiwe lilichana sampu, mafuta yakaisha."

Akasema, "Basi alishuka kuangalia. Alikuwa hawezi kusikia kitu kinagonga asishuke kuangalia. Hata sufuria ikigonga jikoni, anakuja." Akasema, "Atakuwa alimwona mtu anasimama, akadhani amekuja kumsaidia."

Aliniuliza tena kama zile konrodi zilikuwa nzuri, kwa sababu Mwalimu aliwaonyesha watoto zikiwa juu ya meza ya kulia chakula na kuwaambia zina uzito sawasawa zote nne. Nilimwambia zilikuwa nzuri.

Sumaku bado hajakamatwa wakati naandikisha haya. Anaijua karakana yangu, anaijua njia ya gari la mikate, na kufikia sasa naamini ameshaigeuza ile konrodi niliyompa na kuona haina alama. Jana sikulala kwangu. Kila gari likipunguza mwendo nasimama. Ikiwa nitaitwa mahakamani nitakwenda, na nitazitambua nukta zangu hata nikifumbwa macho, kwa kidole.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema kwa hiari yangu. Nimesomewa yote, nimeyasikia, ni kweli.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

KUMBUKUMBU YA ASKARI ALIYEANDIKA

Maelezo yameandikwa nami kwa lugha ya Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa timamu. Mara mbili aliomba maji, na mara moja aliomba mlango ufungwe.

Baada ya kusoma nilimweleza kwamba sehemu inayohusu alichokiona mdogo wake tarehe 10 Agosti inaweza kumtia mdogo wake hatiani, na nikamwuliza kama kuna neno lolote hapo anataka kulisahihisha. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Iache kama ilivyo."

Maelezo yamefungwa saa tano na dakika arobaini asubuhi. Mdogo wa shahidi ameingizwa chumba cha pili kuandikisha maelezo yake kwa onyo. Shahidi hakukubali kuondoka mpaka atoke.